Xala na Wahakiki Wasiocheka

Wahenga walinena: mgala muue na haki yake umpe. Msemo huu unafaa kukumbukwa kila inapotajwa filamu ya Xala, ambayo Ousmane Sembène wa Senegali aliitoa mwaka 1975 kutokana na riwaya yake mwenyewe yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mjini Paris mwaka 1973. Ni filamu chache za Kiafrika zilizohakikiwa kwa wingi kama hii. Wanaumaksi wameihakiki, wanaufeministi wameihakiki, wananadharia wa baada-ukoloni wameihakiki, na kila kundi limeondoka na fungu lake la nyama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhakiki huo imeinyima Xala haki yake ya kwanza, nayo ni haki ya kuchekesha. Mtu anaweza kusoma kurasa na kurasa za tahakiki zake bila kutambua kwamba kazi inayozungumziwa ni ramsa, tena ramsa chungu, ambayo mtazamaji huicheka mpaka agutuke kuwa kicheko chenyewe kimetumbukia nyongo.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. El Hadji Abdou Kader Bèye, mfanyabiashara tajiri wa Dakar, anaoa mke wa tatu, msichana aitwaye N'Goné, ambaye ni wa lika la bintiye Rama. Usiku wa arusi mwili unamgomea. Amepatwa na xala, neno la Kiwolofu ambalo herufi yake ya kwanza hutamkwa kama kh ya kheri, na ambalo humaanisha laana ya kupokonywa nguvu za kiume. Waswahili husema mtu wa namna hii amefungwa. Na wenye lugha ya mafumbo husema jogoo wake hapandi mtungi. Kuanzia hapo mzee mzima anageuka mpira wa danadana. Huyu anamshuku mke wa kwanza, yule anamshuku wa pili. Mganga mmoja anamtaka aliendee kitanda cha bi arusi kwa kutambaa kwa miguu na mikono, hirizi ikiwa mdomoni, naye anatambaa. Mganga mwingine, Serigne Mada, anamponya kweli, ila El Hadji anamlipa kwa hundi. Hundi inakataliwa benki kwa kuwa akaunti haina kitu, na mganga anairudisha xala palepale ilipokuwa. Wenzake katika Chama cha Wafanyabiashara wanamfukuza, nyumba zake zinasambaratika, na mwisho ombaomba waliokuwa wakikaa nje ya ofisi yake wanaingia nyumbani kwake. Ombaomba kipofu ndiye anayefichua siri: yeye ndiye aliyemfunga, kwa sababu zamani El Hadji aliupora ukoo wake ardhi na kumtia gerezani. Akitaka kupona, avue nguo zote na kutemewa mate na kila aliyepo.

Mwaka 1986, Fredric Jameson wa Marekani alichapisha makala ambamo alidai kwamba matini zote za Ulimwengu wa Tatu ni lazima zisomwe kama istiara za taifa. Miongoni mwa mifano yake ilikuwa kazi za Sembène, Xala ikiwemo. Kwa mtazamo huo, mwili wa El Hadji ni mwili wa taifa, na uhanithi wake ni uhanithi wa tabaka la mabwanyenye waliopokea bendera bila kupokea uchumi. Mwaka uliofuata Aijaz Ahmad alimjibu kwa ukali, akihoji ni vipi mabara matatu yenye lugha na historia mbalimbali yanaweza kutiwa katika kapu moja. Mjadala wa wawili hao umefundishwa katika idara za fasihi ulimwenguni kote, na umekuwa mashuhuri kiasi kwamba wapo wanafunzi wanaoijua Xala kama tanbihi tu ya Jameson.

Haifai kumwonea Jameson. Alikiri kwamba riwaya hii ni tashtiti, na alitambua inavyogeuka mwishoni kuwa kitu mfano wa tambiko. Wala usomaji wa kiistiara haukosi mashiko, kwani Sembène mwenyewe haufichi. Filamu inaanza kwa wafanyabiashara Waafrika kuwatimua Wafaransa katika jengo la Chama, sanamu za Wazungu zikitolewa nje ngazini huku umati ukishangilia. Muda si muda Wafaransa walewale wanarejea kimyakimya wakiwa na mikoba ya ngozi. Kila mjumbe anafungua mkoba wake, anachungulia, anaufunga. Umejaa noti. Rais wa Chama anahutubia juu ya ujamaa wa Kiafrika, na Mzungu aliyetimuliwa asubuhi sasa ni mshauri anayesimama nyuma ya kiti. Frantz Fanon alikuwa ameyatabiri haya yote mwaka 1961 katika kitabu chake juu ya mafukara wa ulimwengu, alipowaeleza mabwanyenye wa nchi changa kuwa ni madalali wa ubeberu. Hakuna mhakiki anayehitaji darubini kuliona hilo.

Tatizo ni kwamba istiara ikishafumbuliwa, mhakiki hufunga kitabu na kwenda zake. "El Hadji ni taifa" ni jibu la swali ambalo hata mtazamaji asiyejua kusoma hulijibu dakika ya kumi. Kinachobaki bila kuelezwa ni kwa nini aendelee kukaa kitini kwa muda wa saa mbili. Anakaa kwa sababu anacheka. Anacheka anapomwona Modu, dereva, akiiosha Mercedes ya tajiri wake kwa maji ya chupa yaliyotoka Ufaransa, katika nchi ambayo miaka hiyo ilikuwa imetandikwa na ukame wa Saheli. Anacheka wakubwa wanapompongeza bwana arusi kwa kuudumisha Uafrika, kana kwamba Uafrika hupimwa kwa idadi ya wake, hali wote wamevaa suti za Ulaya. Laura Mulvey, katika makala yake ya mwaka 1991, aliyakaribia haya kuliko wengi. Alionyesha jinsi mikoba, magari na chupa za maji zilivyogeuka vitu vya kuabudiwa, hirizi za kisasa zisizo na tofauti kubwa na zile anazovishwa El Hadji na waganga. Uhakiki wake una macho makali. Masikio ndiyo yaliyopungua.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Riwaya ya Xala iliandikwa kwa Kifaransa. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliijua kwa tafsiri ya Kiingereza ya Clive Wake, iliyotolewa na Heinemann mwaka 1976. Katika kurasa hizo, Rama akizungumza Kiwolofu, msimulizi hulazimika kumwarifu msomaji kuwa sasa anazungumza Kiwolofu, kisha maneno yenyewe yanaandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiingereza. Msomaji anaambiwa tu, hasikii. Filamu haiambii mtu. Rama anapomtembelea baba yake ofisini, baba anasema Kifaransa, binti anajibu Kiwolofu. Baba anamkaribisha maji ya chupa, binti anakataa kunywa maji yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Nyuma yake ukutani pana ramani ya Afrika. Mwishowe baba anakasirika na kumuuliza kwa nini kila akisemeshwa kwa Kifaransa anajibu kwa Kiwolofu. Mtazamaji wa Dakar hakuhitaji mhakiki wa kumfafanulia kichekesho hicho. Alikuwa amekisikia nyumbani kwake au kwa jirani yake.

Mambo yanageuka anapofukuzwa Chamani. El Hadji yuleyule aliyeudhika kwa Kiwolofu cha bintiye anasimama kujitetea na kuomba azungumze Kiwolofu. Ukumbi unachafuka. Wenzake wanamwita mbaguzi na mpinga maendeleo. Hapa, wanamwambia, hata matusi hutolewa kwa Kifaransa. Sembène amelipanga tukio hili kwa ustadi wa msimuliaji wa kale: mhusika anaikumbuka lugha ya mama yake siku anapokosa kila kitu kingine. Ni jambo la kuchekesha sana, na ni jambo la kuhuzunisha sana, na haiwezekani kutenga la kwanza na la pili.

Mhakiki wa Marekani au wa Ulaya ataupataje utamu huo? Yeye huitazama Xala kwa msaada wa tafsiri inayoandikwa chini ya picha, nayo tafsiri huzigeuza lugha zote mbili kuwa Kiingereza kimoja. Baba anasema Kiingereza, binti anajibu Kiingereza, ugomvi unatokea wapi? Ni sawa na kumtazamisha mgeni mchezo wa Nairobi ambamo mkubwa wa kampuni hunena Kiingereza cha puani, karani wake akajibu kwa Kiswahili sanifu na dereva akachomeka Sheng, kisha yote matatu yakaandikwa kwa Kijerumani kimoja. Mgeni huyo atauona mkoba, ataiona Mercedes, ataiandikia istiara yake. Tashtiti yenyewe itakuwa imempita kama upepo.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda Dakar kuielewa hali hii. Mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya filamu hii kutolewa, Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge, ilhali miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge akawa anajadili kwa lugha moja sheria iliyoandikwa kwa nyingine. Sembène angeikuta filamu yake imekwisha andikwa.

Josef Gugler na Oumar Cherif Diop, katika makala waliyoitoa mwaka 1998, walifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa mapema zaidi: walizilinganisha riwaya na filamu kwa kuuliza kila moja ilikusudiwa hadhira ipi. Swali hilo lina afya. Sembène alikuwa ameshaandika riwaya kadhaa kabla ya kwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza utengenezaji wa filamu, na hakuchoka kueleza sababu yake. Watu aliowaandikia hawakuweza kusoma Kifaransa. Kwa hiyo filamu yake si riwaya iliyopunguzwa. Ni hadithi iliyorejeshwa katika lugha ambayo wahusika wake wangeizungumza tangu mwanzo kama karatasi isingewazuia. Anayeuliza ikiwa filamu imeifuata riwaya kwa uaminifu amelishika swali kwa upande wa makali.

Hata hivyo, swali hilo ndilo linalotawala katika madarasa ya Kiswahili, na chanzo chake kinajulikana. Vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni na vitabu teule, wakiigiza riwaya na tamthilia mbele ya wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa kitaifa. Onyesho huhukumiwa kwa kipimo kimoja: je, limeacha nini? Ikiwa mhusika fulani wa sura ya nne hakuonekana, mwalimu hunung'unika, na haki anayo, maana mtahini hataulizia uigizaji. Lakini mwanafunzi huyo anapofika chuo kikuu hubeba kipimo kilekile. Anaandika tasnifu ya kulinganisha riwaya na filamu, anachora jedwali la tofauti, na katika hitimisho anaamua kuwa mtayarishaji "amepotosha". Jioni mwanafunzi huyohuyo hukaa mbele ya runinga akajipasua mbavu kwa Vioja Mahakamani au Vitimbi, ambamo nusu ya kichekesho i katika lafudhi ya mshtakiwa na Kiswahili anachokipindapinda mbele ya hakimu. Asubuhi hakumbuki kwamba hayo nayo yanahakikika. (Wahadhiri nao, kwa kusema kweli, hawamkumbushi.)

Uhakiki wa kifeministi umesimama penye ardhi ngumu zaidi, na hoja zake haziwezi kupuuzwa kwa kisingizio cha kicheko. N'Goné karibu hana kauli katika filamu nzima. Analetwa, anavuliwa shela, anarudishwa kwao. Mwili wake ni uwanja ambao wanaume wanapimania nguvu. Hata tashtiti yenyewe inasimama juu ya dhana kwamba kushindwa kwa mwanamume kitandani ndiyo fedheha kuu kuliko zote, na kwamba taifa ni mwanamume. Wanaosema Rama anatosha kusawazisha mizani wanatia chumvi. Rama anapigwa kofi na baba yake kwa kusema kuwa wenye wake wengi ni waongo, na anabaki kuwa dhamiri ya filamu kuliko kuwa binadamu mwenye kisa chake. Oumi N'Doye, mke wa pili, mwenye tamaa na ulimi mkali, ndiye aliye hai zaidi katika hao wote, labda kwa sababu ndiye pekee anayeruhusiwa kuchekesha.

Hao wakosoaji angalau walikuwa na hoja. Wapo wengine waliokereka kwa jambo dogo zaidi, yaani mwisho wa filamu, wakiona mate na vidonda na viungo vilivyokatika ni mambo yasiyo na staha. Hapa uhakiki wa Kiswahili ungekuwa na la kuongeza, kwa sababu lugha hii ina methali inayokaribia kuwa muhtasari wa filamu: hujafa hujaumbika. Husemwa kumwonya anayemcheka mlemavu. El Hadji anawaita ombaomba takataka zinazochafua mji, anapiga simu, polisi wanakuja na kuwabeba hadi nje ya mji na kuwatupa porini. Kisha inafuata picha ndefu ya watu hao wakirejea mjini, mwenye gongo kwa gongo lake, mwenye kutambaa kwa magoti yake. Sembène haiharakishi picha hii hata kidogo. Mtazamaji aliyemcheka El Hadji akitambaa kuelekea kitanda cha bi arusi anawaona sasa watu wanaotambaa kwa sababu hawana njia nyingine. Aliyetambaa kwa hiari yake ndiye aliyewafanya watambae. Pakiwa na mahali pamoja pa kumwonyesha mwanafunzi maana ya ramsa chungu bila kumtajia nadharia, ni hapa.

Miongoni mwao yumo mkulima aliyetumwa mjini na wanakijiji wenzake kununua chakula, akaibiwa fedha zote barabarani. Mwizi wake anaonekana baadaye akinunua suti mpya. Kiti cha El Hadji kinapobaki wazi Chamani, anayekaribishwa kukikalia ni huyo mwizi, na wajumbe wanampigia makofi. Hakuna anayeshtuka kwa sababu hakuna tofauti.

Ikiwa wahakiki waliikosa ramsa, kuna msomaji mmoja aliyeipata barabara, naye ni serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor. Wadhibiti wa filamu waliikata Xala vipande kadhaa kabla ya kuruhusu ionyeshwe nchini. Sembène aliwajibu kwa kusambaza vijikaratasi vilivyowaeleza watazamaji ni sehemu zipi zilizoondolewa. Mkasi ukageuka kuwa sehemu ya onyesho, na ramsa ikaendelea nje ya ukumbi. Miaka miwili baadaye filamu yake Ceddo ilizuiliwa, na sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa tahajia: serikali ilitaka jina liandikwe kwa d moja, naye akashikilia mbili. Rais aliyekuwa mshairi mkubwa wa Kifaransa aliifungia filamu kwa ajili ya konsonanti ya Kiwolofu. Hata El Hadji hakupata kuchekesha kiasi hicho.

Kiswahili hakikumsubiri Jameson kumjua Sembène. Mwaka 1980 Amandina Lihamba wa Tanzania alitoa tamthilia ya Hawala ya Fedha, iliyotokana na kisa cha Sembène cha mtu asiyejua kusoma anayepokea hawala kutoka Paris na kushindwa kuilipwa kwa kukosa kitambulisho. Kisa hicho Sembène alikwisha kukifanya filamu, Mandabi, mwaka 1968. Mwaka huohuo wa 1980 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ya Kikuyu ambayo Waswahili waliipata kama Shetani Msalabani, na ambayo karamu yake ya wezi wanaoshindana kujigamba ingeweza kufanyika katika ukumbi uleule wa Chama cha Wafanyabiashara cha Dakar. Si ajabu kwamba Ngũgĩ, pamoja na Manthia Diawara, aliongoza filamu ya mwaka 1994 juu ya maisha ya Sembène. Lihamba alikipeleka kicheko hicho jukwaani kwa Kiswahili, Ngũgĩ akakipeleka kitabuni kwa Kikuyu, Sembène akakipeleka kwenye skrini kwa Kiwolofu. Tasnifu ya Kiswahili inayowaweka watatu hao meza moja na kuuliza walichekeshaje, si walimaanisha nini tu, bado ina nafasi yake rafuni.

Anayeiandika aanzie mwisho, maana hapo ndipo riwaya na filamu zinapoachana waziwazi. Katika riwaya, mate yakimvuja El Hadji, polisi wako nje wanaelekeza bunduki. Msomaji anaufunga ukurasa akijua risasi zitawapata nani. Filamu imeziacha bunduki hizo. Inausimamisha mwili wa El Hadji katika picha moja tuli, uchi na umetapakaa mate, kisha taa za ukumbi zinawaka. Watazamaji wanatazamana, na baadhi yao wamekuja kwa Mercedes.